Mume Aliyebatizwa Akapona

Mwalimu Leodegar alikuwa mkarimu sana wa vitu visivyokuwa vyake. Ukikutana naye barabarani pale Temeke, baiskeli mkononi na koti jeusi mwilini, jua la Januari likimchemsha, hakuachii upite mpaka akukumbushe kwamba uhai umepewa bure, imani umepewa bure na matumaini umepewa bure, vyote vitatu zawadi ya Mungu. Mie nilimsikiliza kwa adabu, maana ni mtu mzima na ni mwalimu wa dini. Ila nilikuwa najiuliza, kama vyote ni vya bure, mbona kila anayekwenda kuvipokea kwake anapewa kwanza ufagio, afagie uwanja wa kanisa miaka miwili ndipo amwagiwe maji.

Jina langu Mauwa. Wakati huo Mwingereza bado ndiye bwana mkubwa wa mji, nami nilikuwa mke mdogo wa Chilumba, kuli wa bandarini. Mke mkubwa alikuwa Yustina. Sote watatu ni Wamwera, watu wa kusini, na Temeke tulijenga nyumba ya miti na udongo, makuti juu. Nikisema tulijenga, nina maana mie na Yustina. Chilumba alisimama pembeni akituambia ukuta umepinda.

Yustina alikuwa amebatizwa. Kanisa lilimkubali kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza, na mie niliyefuata nikahesabiwa kuwa dhambi ya Chilumba. Chilumba mwenyewe alisema dini ataingia akizeeka, sasa hivi ana kazi. Basi kila Jumapili Yustina alirudi kutoka kanisani, akapiga magoti chumbani kwake, akamwomba Mungu abaki peke yake na mumewe. Najua kwa sababu aliomba kwa sauti, na ukuta ule nilikuwa nimeukandika mwenyewe kwa mikono yangu.

Lakini hatukugombana. Mie nilizaa mtoto mmoja wa kike, Tekla, jina alilolichagua Yustina. Yustina mwenyewe hakujaliwa mtoto. Tangu mtoto aache kunyonya alilala kwa Yustina, alikula kwa Yustina, nywele alisukwa na Yustina. Kwangu alikujaga kunisalimia kama jirani. Sikuona vibaya, maana mwanamke aliyekosa mtoto na mtoto aliyepata mama wawili wote walikuwa wanacheka ndani ya nyumba yangu.

Ndipo Chilumba akashikwa na kichomi. Alianza kwa kukohoa, akasema ni vumbi la magunia, na siku ya tatu hakuweza kunyanyuka. Tukamwita dresa mmoja aliyekuwa akitembea mitaani na mkoba wake. Akamchoma sindano, akarudi akamchoma tena, mwishowe akampigapiga mgongoni, akasikiliza, akafunga mkoba akasema sasa tumwachie Mungu. Yustina alipolisikia jina hilo akajifunga khanga akaenda kumwita Mwalimu Leodegar.

Mwalimu alifika mchana, jasho linamtiririka, koti hajalivua. Majirani walikuwa wameshajaa barazani, wengine wamekuja na mikeka yao kabisa kwa ajili ya matanga. Akapita katikati yao, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akamshika Chilumba mkono.

"Chilumba, unanisikia?"

Chilumba akafumbua jicho moja.

"Uhai ni zawadi ya Mungu," Mwalimu akasema, "na mwenyewe akiihitaji hatumzuii. Lakini imani na matumaini bado viko, vinakungoja wewe. Unataka kubatizwa?"

"Nataka," Chilumba akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Vizuri. Ila mtu wa wake wawili haingii. Unabaki na mmoja, yule wa kwanza. Unamwacha Mauwa?"

Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameagiza maji, na katika nyumba ile ukiagizwa maji anayekwenda ni mke mdogo. Chilumba alinitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, nikaona anaogopa, si kufa, anaogopa kulisema lile neno mbele yangu. Nikamtikisia kichwa kwamba sema. Mtu anakata roho, utamnyima nini.

"Namwacha," akasema.

Nikampa Mwalimu kikombe. Akammiminia maji kichwani, akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akampa jina la Polikarpo kwa sababu kalenda yake ilisema siku ile ni ya mtakatifu huyo. Angeugua wiki nyingine angekuwa mtu mwingine. Yustina alilia kwa furaha na kwa msiba, vyote pamoja, na wanawake wa kanisani wakaanza kusali. Kikombe wakanirudishia nikakioshe.

Nikatoka mle chumbani si mke wa mtu. Sitaki kusema uongo, iliniuma. Nikaenda uani nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Palikuwa na kikapu cha mihogo ya kuwapikia waombolezaji. Nikachukua kisu nikaanza kumenya.

Dirisha la chumba lilikuwa juu ya kichwa changu, kila neno nalisikia. Waliomba Mungu ampe Polikarpo kifo chema. Waliomba ampokee, amfungulie mlango, amtangulize kwa watakatifu. Mwalimu aliongoza, wengine wakaitikia, sauti nzuri kweli kweli. Nikangoja nisikie mmoja wao akiomba apone. Nikamaliza muhogo wa kwanza, nikamaliza wa pili, hakuna. Wote walikuwa wanamsindikiza, kama wamechoka kumngoja.

Hasira ikanipanda. Nikasema, basi nitaomba mwenyewe. Tatizo hakuna aliyewahi kunifundisha unaanzaje, kwa hiyo nikaanza kama ninavyomwanza mkubwa yeyote. Nikasema, shikamoo, Mungu. Mie ni Mauwa, hunijui, mie ndiye ile dhambi ya Chilumba. Hawa wa ndani wanakuomba umchukue. Usiwasikilize. Mrudishe. Ukimrudisha mie simdai tena, abaki na Yustina kama alivyosema, mie nitamwona akipita njiani, yatosha. Kisha sikujua unamalizaje, nikarudia shikamoo.

Nikaendelea kumenya.

Asubuhi yake Polikarpo alitoka jasho likalowesha mkeka, akafumbua macho yote mawili akauliza kama kuna dagaa. Watu wa barazani walichanganyikiwa. Sanda ilikuwa imeshanunuliwa, vijana wawili walikuwa wameshapelekwa makaburini na majembe, na mzee mmoja aliyekuwa ameandaa maneno ya kumuaga marehemu alikunja uso siku nzima. Yustina alipita barazani akiwaambia watu amepona, amepona, akakutana nami jikoni akanikumbatia. Halafu akatazama ndani ya kikapu.

"Mauwa, nani kaimenya hii mihogo? Imebaki vijiti."

"Kisu kilikuwa kikali," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Leodegar alihubiri juu ya zile zawadi tatu. Nilihadithiwa na Yustina. Alimtaja Polikarpo, akamtaja Yustina, akajitaja na yeye kidogo. Akasema aliyekuja kupewa imani na matumaini ameongezewa na uhai juu yake. Dresa hakutajwa, wala sindano zake, na mie sikutarajia kutajwa, sikuwa mtu wa kanisani.

Mumewe Yustina alipoanza kusimama na kutembea mpaka chooni bila kushikwa, Mwalimu alikuja nyumbani. Alikataa kukaa. Alituita sote barazani, hata Tekla, akasafisha koo.

"Mauwa," akasema, "siku ile uliacha kuwa mke. Padri anakuja mwezi ujao kumkamilishia Polikarpo ubatizo wake. Si vizuri akukute humu. Funga vitu vyako uende kwa ndugu zako. Mtoto atabaki kwa baba yake alelewe katika imani."

Hapa lazima nieleze kitu, maana Mwalimu hakukijua na hakuuliza. Yeye ni Mhaya wa Bukoba. Huko kwao, kwa jinsi nilivyosikia, mtoto ni wa baba, nyumba ni ya baba, shamba la migomba ni la baba, na mke akiachwa anabeba nguo zake analia njia nzima. Kwetu Umwera sivyo. Kwetu mtoto ni wa mama yake na mjomba wake. Mume ndiye anayehamia kwa mke, na akimwacha mke, anayeondoka ni yeye, na mkeka wake na shoka lake. Polikarpo aliyajua yote hayo tangu angali Chilumba. Ndiyo maana alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Yustina ndiye aliyesema. "Mwalimu, Mauwa akienda, Tekla anakwenda naye."

"Mtoto ni wa baba."

"Huko kwenu. Huyu ni wa Mauwa na wa mjomba wake aliyeko Lindi. Akifika huko hatarudi."

"Basi tumwachie Mungu," Mwalimu akasema. "Yustina, miaka yote umeomba ndoa moja. Umepewa. Ni zawadi, ipokee kwa moyo wa shukrani."

 Tekla alikuwa amekaa chini ameegemea goti la Yustina, na mkono wa Yustina mwenyewe ulikuwa kichwani kwa mtoto, kwenye zile nywele alizozisuka jana yake. Mie nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni vyungu nitakavyobeba. Nilikuwa nimeahidi, na aliyeahidiwa alikuwa ametimiza upande wake upesi mno. Nikamwona Yustina anaitazama zawadi yake, yaani Polikarpo, pale alipokaa akitazama vidole vyake, kisha anamtazama mtoto.

Akainuka akaingia ndani. Akatoka na mkeka wa mumewe umekunjwa, shoka lake, shati lake la kazini na kofia, akaviweka vyote mikononi mwa Mwalimu Leodegar.

"Wewe ndiye uliyemwambia amwache," akasema. "Kwetu aachaye ndiye aondokaye. Mchukue."

"Lakini wewe ni mke wake wa halali."

"Ni mke wake, sijamkataa. Akitaka kuniona mlango anaujua, agonge aingie mchana kama wageni wengine. Lakini umesema hawezi kulala kwenye nyumba aliyomo Mauwa. Mauwa haondoki. Basi alale kwako, wewe huna dhambi ndani."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka mingi nikimwona mtu wa kulialia tu na rozari. Siku ile nilitaka kucheka nikashindwa, nikaingia jikoni nikalia huko, nikausingizia moshi. Mwalimu aliondoka anasukuma baiskeli, mkeka juu ya usukani, na Polikarpo nyuma yake anatembea polepole kwa kuwa bado hana nguvu.

Mungu ampe nguvu Avelina, mke wa Mwalimu. Mtu aliyerudi kutoka mlango wa kaburi anarudi na njaa ya wiki zote alizokosa kula. Avelina alimpikia ndizi, Polikarpo akazimaliza akauliza ugali unaiva saa ngapi. Alikuwa anakohoa alfajiri, anasimulia watoto hadithi za bandarini ambazo si za watoto, na alipoambiwa asali alisali kweli, lakini kwa kuwa alijua sala moja tu aliirudia mpaka watu wakaacha kula. Avelina alianza kupita kwetu kila mara kuuliza kama hatujafikiria kumrudisha. Yustina alimjibu kwa upole kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, na zawadi hairudishwi.

Siku moja adhuhuri Yustina na Tekla wakiwa sokoni, Polikarpo alikuja mwenyewe mpaka kwenye ua. Mie nilikuwa natwanga. Akasimama nje, mikono juu ya fito.

"Mauwa."

"Karibu. Yustina hayupo."

"Sikumfuata Yustina." Akatazama huku na huku. "Padri yuko mbali. Mwalimu yuko darasani mpaka alasiri. Na yale maneno niliyasema nikifa, Mauwa. Mtu anayekufa anasema lolote."

Nikaweka mchi. Shingo yake ilikuwa imekonda, kola ya shati imekuwa kubwa, na pale chini ya sikio palikuwa na ule mshipa unaopiga, ambao siku ile nilikuwa nimehofia utasimama. Ulikuwa unapiga vizuri tu. Nilimtaka yule mtu. Nikaificha mikono yangu ndani ya khanga. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu na mtaa mzima umelala kwa joto.

Yeye aliahidi akifa, ni kweli, na mtu angeweza kumsamehe. Mie niliahidi nikiwa mzima, kisu mkononi, akili zangu zote ninazo. Na nilipewa. Ningeupeleka wapi uso wangu? Huyo niliyemwamkia mara mbili bila kujuana naye, akanipa nilichoomba bila kuniambia nikafagie kwanza, nimfanyie hila mara hii hii?

"Nenda ukale ndizi, Polikarpo," nikamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lile. Akaondoa mikono kwenye fito.

"Una kinyongo."

"Ninacho."

Akaondoka. Nikautwanga ule mtama mpaka ukawa vumbi, tukala uji siku mbili.

Padri alikuja mwisho wa mwezi uliofuata juu ya pikipiki, Mzungu mzee mwenye ndevu zilizojaa vumbi la njia nzima. Kanisa letu lilikuwa banda la makuti na mabenchi. Baada ya misa akamkamilishia Polikarpo ubatizo, chumvi, mafuta, mshumaa, kisha akauliza kwa nini mkristo mpya analala kwa mwalimu na mkewe analala kwingine. Mwalimu akaeleza kwa muda mrefu. Yustina akaeleza kwa muda mfupi. Padri akaita wanaohusika wabaki, na wasiohusika wakabaki pia.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwishowe akasema Polikarpo apange chumba ng'ambo ya barabara, Yustina awe mke wake huku na huko, na nyumba ibaki ya waliokuwa wameijenga.

"Ahamie leo?" Avelina akauliza haraka.

"Leo," Padri akasema, akanigeukia. "Na wewe, Mauwa. Huna mume tena. Unataka nini?"

"Nataka ufagio, Baba."

Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu Temeke alijua ufagio wa Mwalimu Leodegar ni mwanzo wa nini. Mwalimu hakucheka.

"Baba Padri, huyu anataka kuingia dini apate kurudiana naye."

"Simtaki," nikasema, na sauti yangu ilikaa sawa, namshukuru Mungu. "Kuna mtu alinipa kitu. Tangu hapo sijaenda kumshukuru, na sijui adabu za kwake."

 Padri akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Akawauliza wote, siku ile mgonjwa akiwa hoi, nani alimwombea apone?

"Sote tuliomba, Baba," Mwalimu akajibu.

"Mliomba sala gani?"

Mwalimu akasafisha koo. "Ya kifo chema."

"Wote?"

Wanawake wa kanisani wakatazama chini. Yustina akasema, "Mie pia, Baba. Sikudhani kuna lingine la kuomba." Polikarpo, mshumaa wake bado mkononi, alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayewatafuta waliomchimbia kaburi.

"Na wewe, Mauwa?"

"Mie sikuwamo ndani, Baba," nikasema. "Nilikuwa uani, namenya mihogo."

Watu wakacheka tena. Yustina peke yake hakucheka. Alinitazama, akaitazama mikono yangu, akanitazama tena, na nikaona anakikumbuka kile kikapu.  Hakusema kitu mbele za watu, na mpaka leo hajasema. Alimpakata Tekla, akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae.